Wagombea kumi kwenye karatasi moja: umpe unayempenda au mwenye nafasi? Ulinganisho kwa anayepiga kura ya mchujo Marekani

Kila ukifika mwaka wa uchaguzi wa Congress huku Marekani swali linalozunguka kwa ndugu zetu walioapa uraia ni lilelile, sasa mimi nimpe nani? Novemba ni rahisi, majina mawili vyama viwili, unajua unasimama wapi. Ila kwenye mchujo wa chama, hasa kiti kikiwa wazi kwa sababu mbunge kastaafu au mipaka imechorwa upya, unakuta karatasi ina majina nane, kumi, kumi na mbili, wote chama kimoja, wote wanaahidi nafuu ya kodi ya nyumba na matibabu, wote wana picha wamekumbatia wazee wa mtaa, na wewe una kura moja tu.

Msimamo wangu nausema mapema ili usisome ukiutafuta: usianze na mgombea, anza na jimbo lako (yani state, si eneo bunge) linavyohesabu kura. Mgombea yuleyule mwenye sera zilezile anaweza akastahili kura yako ukiwa Maine, na ukiwa New York ukawa umeitupa. Nitaonyesha kwa mifano iliyotokea kweli.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja, mchujo ndo uchaguzi wenyewe sehemu nyingi. Maeneo bunge mengi ya Marekani yana chama chake, Manhattan na Brooklyn ni Democratic, sehemu kubwa za Texas vijijini ni Republican, kwa hiyo anayeshinda mchujo Novemba anapita. Mtu wa Kisumu au Siaya hahitaji kufundishwa hili, tiketi ya chama cha ODM kule kwa miaka mingi ndo ilikuwa ngoma yenyewe. Mtanzania naye anazijua kura za maoni za CCM ila kuna tofauti kubwa hapo, kule kura zinapigwa na wajumbe, na hata ukiongoza jina lako linapanda vikao vya juu ambako linaweza kukatwa. Huku anayepiga ni mwananchi yeyote anayeruhusiwa na sheria za jimbo lake, na aliyeshinda ndo jina la chama, hakuna kikao cha kumkata. Watu wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache sana kulinganisha na Novemba. Yani kura yako moja Juni au Agosti ina uzito kuliko ile ya Novemba, na ndo hiyo watu wetu wengi wanaiacha.

Mfano wa kujifunzia: eneo bunge la New York ya 10, mwaka 2022

Nimeuchagua huu kwa sababu una kila kitu. Mahakama ilitupilia mbali ramani waliyochora wanasiasa wa jimbo, akateuliwa mtaalamu achore nyingine, ikatoka Mei 2022, na eneo jipya likaunganisha Manhattan ya chini pamoja na Chinatown na Lower East Side, likavuka mto mpaka Brooklyn ya Park Slope, Sunset Park na kipande cha Borough Park. Kiti kikawa hakina mwenyewe. Wakaingia zaidi ya kumi, akiwemo meya wa zamani Bill de Blasio ambaye Julai aliona hali ngumu akajitoa. Mchujo ukapigwa Agosti 23, katikati ya joto, watu wengi wa Brooklyn wenye uwezo wakiwa likizo.

Waweke wanne wa juu ubavu kwa ubavu.

Dan Goldman: mwendesha mashtaka wa zamani wa serikali kuu, ndiye aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Wademokrati kwenye uchunguzi wa kwanza wa kumwondoa Trump madarakani 2019, watu walimwona kwenye televisheni. Hajawahi kushika kiti cha kuchaguliwa. Ni mrithi wa utajiri wa Levi Strauss, wale wa jinzi, na aliingiza kama dola milioni 4 za mfukoni mwake.

Yuh-Line Niou: mbunge wa bunge la jimbo la New York kutoka Manhattan ya chini, mzaliwa wa Taiwan, mrengo wa kushoto, akiungwa mkono na Working Families Party, chama kidogo cha mrengo huohuo. Hela kidogo, watu wa kugonga milango wengi.

Mondaire Jones: alikuwa tayari yumo Congress, kachaguliwa 2020 kutoka Rockland na Westchester, kaskazini ya jiji. Ramani mpya ilipovuruga eneo lake akahamia Brooklyn kugombea hapa. Rekodi ya bungeni anayo, mizizi mtaani hana.

Carlina Rivera: diwani wa jiji, mtoto wa Lower East Side hasa, akiungwa mkono na mbunge mkongwe Nydia Velázquez na chama kikubwa cha wafanyakazi wa afya cha 1199SEIU.

Nyuma yao kulikuwa na Jo Anne Simon, mbunge wa jimbo kutoka Brooklyn, na Elizabeth Holtzman aliyekuwa na miaka 81. Huyu mama nampa mstari wake kwa heshima kwa sababu mwaka 1972 alimwangusha Emanuel Celler aliyekaa Congress karibu miaka 50, kwa tofauti ya kura mia chache, wakati hakuna aliyempa nafasi.

Matokeo ni haya: Goldman karibu asilimia 26, Niou karibu 24, Jones 18, Rivera 17, waliobaki wakagawana makombo. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ni kama kura 1,300. Wapiga kura watatu kati ya wanne walimpa mtu mwingine, na mshindi akaenda Congress, Novemba akapita kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuiba wala hakuvunja sheria, utaratibu wa mchujo wa Congress New York ndo ulivyo, anayeongoza hata kwa kura moja amebeba. Na kinachouma zaidi ni kwamba jiji hilohilo la New York, kwenye mchujo wa meya na madiwani, tangu 2021 linatumia kura ya kupanga wagombea kwa mfuatano, wa kwanza mpaka wa tano. Congress haimo. Mpiga kura aliyeuzoea ule wa meya akaingia chumbani akakuta karatasi ya kiduara kimoja.

Siku chache kabla ya uchaguzi Niou na Jones walisimama pamoja mbele ya waandishi wa habari wakimshambulia Goldman kwamba ananunua kiti. Walisimama bega kwa bega lakini hakuna aliyemwachia mwenzake. Mimi hapo ndo naona mchujo uliamuliwa. Ukijumlisha asilimia zao ni 42, ingawa siwezi kusema wote wa Jones wangehamia kwa Niou, watu wa Jones wengine walikuwa wa kati na wangemfuata Goldman au Rivera. Lakini karatasi haikuwapa hata njia ya kusema chaguo lao la pili ni nani.

Ukiwalinganisha, pima nini?

Sera wanazitaja wote, na kwenye mchujo wa chama kimoja sera zinafanana kwa asilimia kubwa. Mwaka ule Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa imeondoa haki ya utoaji mimba mwezi Juni, wote wakasema watalinda. Bunduki, wote wakasema watadhibiti. Sasa wewe usipoteze muda wako wanapofanana, tafuta pale mawili matatu wanapotofautiana. Kwa hawa tofauti ilionekana kwenye bima ya afya: Niou na Jones walitaka serikali ilipie matibabu ya kila mtu, Goldman akataka bima ya serikali iwepo kama chaguo pembeni ya zile za makampuni. Kwa familia ya mhamiaji yenye mama mwenye kisukari na baba anayeendesha Uber bila bima ya kazini, hiyo ni tofauti ya kukaa chini na kuiwaza, kuliko hotuba zote za demokrasia.

Cha pili ni kazi iliyokwisha kufanyika. Hapa mimi nina upendeleo na siufichi: nampa alama zaidi mtu aliyewahi kupiga kura bungeni au kwenye baraza hata kama kura moja ilinikera. Angalia Rivera. Aliunga mkono mpango wa kuinua East River Park ili mafuriko kama yale ya kimbunga Sandy cha 2012 yasiingie tena kwenye nyumba za watu, na mpango ule ulimaanisha kukata miti mingi na kufunga bustani, wakazi wengi wa mtaa wake mwenyewe wakamkasirikia na hawakusahau. Lakini angalau unajua akibanwa anaamuaje. Asiye na rekodi unamjua kwa kadi zake za kampeni tu. Goldman hakuwa na kura hata moja ya kuchunguza, alikuwa na kazi ya mahakamani na ile ya televisheni, ambayo ni kazi ya kweli, ila ya aina nyingine.

Mizizi ni kipimo ambacho sisi watu wa pwani na bara tunakipenda sana, mtoto wa nyumbani. Nakishusha kidogo. Sheria ya Marekani inataka mbunge aishi kwenye jimbo lake, si lazima kwenye eneo bunge lake. Jones alichekwa sana kwa kuhama lakini alikuwa na uzoefu wa Congress kuliko wote waliokuwa kwenye kinyang'anyiro ukimtoa Holtzman. Mizizi inakwambia nani atapokea simu yako ofisini. Haikwambii atapiga kura gani Washington.

Uzoefu wa maisha nao upo. Ilhan Omar alishinda mchujo wa Minnesota ya 5 Agosti 2018 kwa asilimia 48, kiti kilipoachwa wazi ghafla baada ya Keith Ellison kwenda kugombea uanasheria mkuu wa jimbo. Ni mtoto wa wakimbizi wa Somalia waliokaa miaka minne kambi ya Utange, hapo Mombasa, kabla ya kufika Marekani 1995. Watu wengi walimpa kura kwa hilo na nawaelewa kabisa. Lakini tukumbuke alikuwa tayari mbunge wa jimbo tangu alipochaguliwa 2016 na mtandao wake wa kugonga milango ulishajengwa, na mpinzani wake mkuu Margaret Anderson Kelliher alikuwa spika wa zamani wa bunge la jimbo, mtu mzito, akapata asilimia 30. Historia ya maisha iliwavuta watu, kazi ya mlango kwa mlango ndo iliyowafikisha kituoni.

Hela: soma hapa kwa makini

Kila mgombea akipita dola 5,000 za kukusanya au kutumia lazima ajiandikishe na tume ya fedha za uchaguzi, na taarifa zake ziko wazi kwenye fec.gov, bure, huhitaji kujisajili. Andika jina lake, fungua. Utaona ngapi kajikopesha au kajipa mwenyewe, ngapi zimetoka kwa watu wa kawaida, na waliotoa zaidi ya dola 200 wameandikwa kwa majina, kazi zao na miji yao. Siku 12 kabla ya mchujo lazima taarifa nyingine iwe imewasilishwa, hiyo ndo ya kuivizia. Mtu mmoja kumchangia mgombea ana kikomo, kwa mzunguko wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi, lakini mgombea kujipa hela zake mwenyewe hakuna kikomo, Mahakama Kuu iliamua hivyo tangu 1976.

Halafu kuna zile kamati za nje, super PAC, ambazo haziruhusiwi kupanga na mgombea lakini zinaweza kumwaga pesa bila mwisho. Utazijuaje? Chukua kadi iliyoingia kwenye sanduku lako la barua, ile kubwa ngumu yenye kung'aa, usisome maandishi makubwa. Igeuze. Chini kabisa, mara nyingi pembeni ya anwani yako, kuna herufi ndogo za kijivu, na hapo imeandikwa nani amelipia. Kama ni kampeni yenyewe utaona jina la mgombea. Kama ni kamati ya nje utaona jina tamu tamu lenye maneno ya kesho njema au haki au watoto, na sentensi inayosema kadi hii haikuidhinishwa na mgombea yeyote wala kamati ya mgombea. Ukiona hiyo chukua jina la kamati ukalitafute fec.gov palepale, utakuta nani anaijaza. Ni dakika tano, na utajua zaidi kuliko midahalo miwili.

Je, hela zinashinda? Linganisha Goldman na Carrick Flynn wa Oregon. Mwezi Mei mwaka huohuo 2022 Oregon ilikuwa na eneo bunge jipya la 6, mchujo wa Democratic ukajaa wagombea tisa. Kamati iliyojazwa na Sam Bankman-Fried, yule tajiri wa sarafu za kidijitali aliyekuja kufungwa miaka 25, ilimwaga zaidi ya dola milioni 10 kumsaidia Flynn, mtu aliyekuwa hajawahi kugombea popote. Televisheni zilijaa sura yake mpaka watu wakachoka. Akashinda Andrea Salinas, mbunge wa jimbo, kwa asilimia kama 37, Flynn kapata kama 18. Wapinzani wengine walikasirishwa na zile pesa na wakazifanya hoja ya kampeni, magazeti yakaandika, wapiga kura wakauliza huyu mtu ni nani na nani anamtuma.

Tofauti yao ninavyoiona: Goldman alikuwa na jina kabla ya pesa, na juu ya pesa akaungwa mkono na gazeti la New York Times siku kumi kabla ya kura, kwenye eneo ambalo wasomaji wa gazeti hilo ndo wapiga kura wa uhakika. Flynn alikuwa na pesa tupu. Kwa hiyo ukilinganisha wagombea usiulize tu nani ana hela nyingi, uliza angekuwa na nini bila hizo hela.

Sasa jimbo lako linahesabuje?

Majimbo ya anayeongoza anabeba, kama New York, Massachusetts, Minnesota, Kentucky. Hapa ndo pa kuogopa. Massachusetts ya 3 mwaka 2018 walikuwa kumi, Lori Trahan akamshinda Dan Koh kwa kura 145 baada ya kuhesabu upya, wote wakiwa na asilimia 21 na ushee. Kura 145! Hiyo ni harusi moja ya Wakongo kule Louisville, Kentucky. Na Massachusetts ya 4 mwaka 2020, Jake Auchincloss alimshinda Jesse Mermell kwa kura kama 2,000, huku wagombea wawili waliokuwa wameshajitoa majina yao bado yako kwenye karatasi na bado yakipata kura, nyingine za watu waliotuma kwa posta mapema kabla mgombea wao hajaacha. Kwa hiyo kwenye mchujo uliojaa, kama unapiga kwa posta, usiiwahishe wiki nne kabla. Kaa nayo, itume ikibaki muda wa kutosha kufika, au ipeleke mwenyewe kwenye sanduku la kura kama jimbo lako linayo.

Majimbo ya duru ya pili, kama Texas na Georgia. Mkenya anaijua hii, ni kama asilimia 50 na kura moja ya urais, asipofika mtu wawili wa juu wanarudi. Texas ya 21 mwaka 2018 upande wa Republican walikuwa 18, Chip Roy akaongoza kwa asilimia 27, akarudi Mei na Matt McCall akashinda. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba Machi unaweza kumpa unayempenda kwa moyo mweupe. Ubaya ni kwamba Mei watu hawarudi, na ndugu zetu wa Houston na Dallas wengi hawajui kabisa kwamba kuna Mei. Na kama Machi ulipiga kwenye mchujo wa chama kimoja, Mei huwezi kuhamia cha pili. Ila kama Machi hukupiga kabisa, Mei unaruhusiwa.

California na Washington wanaweka vyama vyote kwenye karatasi moja, wawili wa juu wanakwenda Novemba hata wakiwa chama kimoja. Hatari yake iko hivi: California ya 31 mwaka 2012, eneo la San Bernardino ambalo Obama alilishinda vizuri mwaka huohuo, Wademokrati wanne waligawana kura, Warepublican walikuwa wawili tu, basi wale wawili wakapita wote na Novemba Mdemokrati hakuwepo kwenye karatasi. Pete Aguilar aliyekuwa wa tatu alisubiri mpaka 2014 ndo akakipata kiti. Ukiwa California kabla ya kumlinganisha mgombea na mgombea hesabu kwanza kila upande una wangapi.

Maine na Alaska. Maine mchujo wa Congress unapanga wagombea kwa mfuatano tangu 2018, na Portland na Lewiston zina watu wengi wa Congo, Burundi na Rwanda wanaozungumza lugha hii, kwa hiyo nasema nanyi moja kwa moja: jazeni safu zote. Karatasi ina majina kushoto na safu juu, chaguo la kwanza, la pili, la tatu, unaziba kiduara kimoja kila safu. Wa kwanza akikosa asilimia 50 anatolewa wa mwisho na kura zake zinahamia chaguo lao lililofuata. Ukimweka mtu mmoja safu zote hujamwongezea nguvu, yeye akitolewa kura yako imekufa naye. Alaska nayo, Don Young alipofariki Machi 2022 baada ya miaka 49 bungeni, walijitokeza wagombea 48 kwa kiti kimoja, wanne wa juu wakapita, na Mary Peltola aliyepita wa nne kwa asilimia 10 tu ndiye aliyeshinda Agosti, kwa kura ya kupanga kwa mfuatano, mbele ya Sarah Palin. Huyo Peltola angekuwa New York asingefika popote.

Basi umpe nani

Kwenye Maine, Alaska, na raundi ya kwanza ya Texas: mpe unayempenda, usiangalie nafasi. Kwenye New York, Massachusetts, Minnesota: subiri wiki mbili za mwisho. Angalia tafiti za maoni kama zipo, angalia hela zilizobaki mkononi mwake sio alizokwisha tumia, angalia nani bado ana watu wanaogonga milango. Utaona watatu, pengine wanne, wenye nafasi ya kweli. Kama unayempenda yumo, mpe. Kama hayumo, tafuta kati ya hao mmoja unayeweza kuishi naye miaka miwili na mwingine ambaye huwezi kabisa, na kura yako iende kumzuia wa pili kwa kumpa wa kwanza. Wapo watakaokuambia hiyo ni kusaliti moyo. Mimi naona aliyempa Simon au Holtzman mwaka 2022 huku akimtaka Niou kuliko Goldman, au Goldman kuliko Niou, ndo aliyeachia wengine wamuamulie. Hali moja tu naikubali, kama wote wa juu kwako ni sawasawa, hapo mpe wa moyo wako ajulikane ana watu, uchaguzi unaofuata atarudi na nguvu.

Na kuungwa mkono na wakubwa nakupa uzito mdogo, isipokuwa kukiwa kwa chama cha wafanyakazi au jumuiya iliyo na watu wa kutembea. Jina la seneta kwenye kadi halimtoi mtu nyumbani Agosti. Kijana anayegonga mlango mara ya pili na kumuuliza bibi kama ana usafiri wa kwenda kituoni, huyo anamtoa.

La mwisho ni sheria, na hili limewaumiza watu wetu. New York mchujo umefungwa, lazima uwe umejiandikisha chama chenyewe, na kubadili chama mwisho wake ni Februari, miezi kabla ya mchujo. Kentucky mwisho wa kubadili ni tarehe 31 Desemba mwaka uliopita, kwa hiyo ndugu zangu wa Louisville wanaosubiri mpaka Mei waanze kuwaza, mlango ulishafungwa mkesha wa mwaka mpya. Texas na Minnesota hakuna kujiandikisha chama, unachagua siku ileile lakini kimoja tu. Na mwenye green card, yani mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia, tafadhali sana, usipige kura ya Congress kwa namna yoyote, hata kama mtu wa ofisi ya leseni amekupa fomu ukaijaza bila kuelewa, ni kosa la jinai na watu wamepoteza ukaazi wao kwa hilo. Unaruhusiwa kumchangia mgombea hela zako halali ndani ya kikomo, unaruhusiwa kujitolea kwenye kampeni, kupiga simu, kugonga milango, kumtafsiria mgombea akija kanisani au msikitini. Kwenye kiti kinachoamuliwa kwa kura 145, mtu mwenye green card anayewapeleka majirani zake raia kituoni anafanya kazi kubwa kuliko raia aliyelala.